Mitandao ya Kijamii Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaotumia mitandao kwa ajili ya kazi: wanaotafuta ajira, wanaohudumia wateja, wanaoratibu timu na wanaotangaza huduma zao. Vipimo vinavyotajwa humu, kama idadi ya herufi au muda wa kufuta ujumbe, hubadilishwa na wenye mitandao wanapopenda. Vihakiki kabla ya kuvitegemea kwa jambo zito.

Je, ni lazima niwe kwenye kila mtandao?

Hapana. Anayejaribu huishia na akaunti tano, nne kati yake zimekufa. Akaunti iliyonyamaza tangu mwaka juzi humfanya mgeni adhani kazi imefungwa, na ni afadhali asingeikuta kabisa.

Andika majina ya watu 10 ambao ungependa wasome unachoandika: wateja, waajiri, wenzako wa fani. Mtafute kila mmoja, uangalie ni wapi amechapisha au kujibu chochote ndani ya siku 30 zilizopita. Mtandao unaojirudia kwenye orodha hiyo ndio wa kuanzia. Kwenye mingine sajili jina lako ili mwingine asilichukue, weka picha na mstari mmoja unaoelekeza watu kule unakopatikana, basi.

Wasifu wa LinkedIn uandikweje ili mtu aelewe ninachofanya?

LinkedIn ni mtandao wa mambo ya kazi. Anza na mstari ulio chini ya jina. Una nafasi ya herufi 220, lakini ukitoa maoni kwenye chapisho la mtu mwingine hukatwa mapema, kwa hiyo maneno machache ya kwanza ndiyo yanayobeba mzigo. "Mhasibu wa vyama vya ushirika | hesabu za mwisho wa mwaka na ukaguzi wa ndani" unaeleweka hata ukikatwa katikati. "Mtaalamu mwenye ari, mbunifu na mchapakazi" hauelezi kitu, maana hakuna anayejiandika mvivu.

Sehemu ya kujieleza ina herufi 2,600. Usijione una deni la kuzimaliza. Msomaji huona mistari michache tu kabla ya kubonyeza ili aendelee, basi mistari hiyo iseme unamfanyia nani kazi gani. Aya ya pili itoe ushahidi: kazi mbili au tatu zenye kipimo. "Nilisimamia stoo" ni jina la cheo tu. "Nilisimamia stoo ya bidhaa 1,200, nikabadilisha kuhesabu mara moja kwa mwaka kuwa kuhesabu kila mwezi" ni kazi inayoonekana. Mwisho eleza unapatikanaje na kwa jambo gani.

Picha iwe ya uso, mwanga ukitoka mbele yako na si nyuma, na uso ujaze zaidi ya nusu ya fremu, kwa sababu watu wengi wataiona ikiwa duara dogo kama kifungo. Picha ya harusi iliyokatwa, yenye bega la mtu mwingine pembeni, hujulikana mara moja.

Mambo mawili husahaulika. Ukiwa na marekebisho mengi, zima kwanza mpangilio unaowatangazia watu wako kila badiliko la wasifu, la sivyo watapongeza "kazi mpya" wakati ulikuwa unasahihisha tahajia. Pia, ukitembelea wasifu wa mtu, kwa kawaida yeye huonyeshwa kwamba umepita. Kama hutaki, badilisha mpangilio wa faragha kabla ya kwenda kuchungulia.

Nataka kumwandikia mtu nisiyemjua. Nianzeje?

Kosa kubwa ni kutuma "Habari" peke yake, kisha kusubiri. Uso kwa uso salamu hufungua mazungumzo na heshima inataka isubiri jibu. Kwenye inboksi ya mtu mwenye shughuli, "Habari" tupu ni fumbo: hajui wewe ni nani wala unataka nini, na akijibu "nzuri" ataletewa "za huko?" Salimia, halafu endelea palepale, ndani ya ujumbe uleule.

Ujumbe unaojibiwa huwa na vitu vinne: wewe ni nani, umempataje, unaomba nini hasa, na itamgharimu muda gani. Kwa mfano:

"Habari za kazi. Naitwa Neema, ni mpima ardhi mwenye uzoefu wa miaka 3. Nimesoma chapisho lako kuhusu ramani za droni. Naomba kuuliza jambo moja: kwa eneo la hekta 20, ulihitaji alama ngapi za udhibiti? Jibu la mstari mmoja linatosha."

Ombi la kuunganishwa LinkedIn lina kisanduku kidogo, kati ya herufi 200 na 300 kutegemea aina ya akaunti, kwa hiyo punguza hata zaidi. Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza. Uliza kitu anachoweza kukijibu bila kuomba ruhusa ya mtu. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 7 hadi 10, kisha nyamaza.

Lugha iwe rasmi kiasi gani?

Kiasi ambacho ungezungumza na mtu huyo ofisini kwake, mlango ukiwa wazi. "Naomba" hufika mbali kuliko "nataka". "Shikamoo" kwa mkubwa haijapitwa na wakati eti kwa sababu imeandikwa kwa simu. Ila vifupisho kama "cjui", "xaxa" na "2taonana" viache kwa marafiki. Vinamlazimu msomaji kufumbua, na mteja anayefumbua ujumbe wako anaanza kujiuliza kama ankara zako nazo ziko hivyo. Herufi kubwa tupu husomeka kama kelele. Emoji moja haina neno, lakini usiiweke kwenye ujumbe unaohusu msiba, deni au malalamiko.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne hautafutiki, hausomeki kikaoni na hauwezi kunakiliwa. Ukilazimika kutuma, fuatisha mstari mmoja wa maandishi unaotaja mada na uamuzi.

Nitumie namba yangu binafsi kwa WhatsApp ya kazi?

Ukiweza, tenga namba. Programu ya WhatsApp Business hukaa kwenye simu moja na ile ya kawaida, kila moja ikiwa na namba yake. Faida zake za kila siku ni hizi: ujumbe unaojituma wenyewe nje ya saa za kazi, majibu ya haraka uliyoyahifadhi, lebo za kupanga mazungumzo (kama "amelipa" na "anasubiri bei"), na katalogi ya bidhaa.

Ujumbe wa nje ya saa za kazi utaje muda kamili. "Tutakujibu hivi karibuni" haisaidii. "Tunafungua saa 2 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ujumbe wako tutausoma wakati huo" humwezesha mtu kupanga.

Jambo linalowachanganya wengi: orodha ya matangazo huchukua hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana unatuma kwa 200 na wanaojibu ni wale tisa wa siku zote. Kabla ya kulalamika kwamba watu hawasomi, waombe wahifadhi namba, na wewe uwaulize kama wanataka matangazo hayo. Kumwingiza mtu kwenye grupu la mauzo bila kumuuliza ni njia ya haraka ya kuzuiwa.

Grupu letu la kazi limejaa kelele na mambo muhimu yanapotea. Tufanye nini?

Kwa kawaida shida huwa kwamba grupu moja limepewa kazi tatu: matangazo, majadiliano na urafiki. Tenganisha.

Fungua grupu la matangazo, kisha kwenye mipangilio ruhusu maadmini pekee kutuma. Humo iingie ratiba, mabadiliko na maamuzi, hakuna kingine. Grupu la pili liwe la majadiliano ya kazi. Pongezi, mipira na picha za asubuhi njema zipewe grupu la tatu, ambalo mtu anaweza kulizima bila kukosa kazi. Watu wanahitaji mahali pa kucheka, na ukiwanyima watachekea kwenye grupu la matangazo.

Kwenye maelezo ya grupu andika mistari minne: grupu ni la nini, nani huamua, saa za kutuma, na jambo la dharura lipelekwe wapi. Dharura ipigiwe simu. Mkikubaliana hivyo, hakuna anayelazimika kukesha akichungulia ujumbe wa saa 5 usiku.

Katika majadiliano, jibu kwa kunukuu ujumbe unaoujibu. "Sawa" iliyofika baada ya jumbe 40 haijulikani inakubali nini. Maswali mawili yatumwe kama jumbe mbili, kila moja ijibiwe peke yake. Mjadala ukifikia uamuzi, mtu mmoja aandike muhtasari: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Muhtasari huo uhamishiwe pia kwenye barua pepe au faili la pamoja, kwa sababu simu huibiwa na mazungumzo hufutika.

Saa nazo zina mtego wake katika Kiswahili. "Kikao saa 3" kwa mmoja ni asubuhi, kwa mwingine ni saa inayoonekana kwenye kioo cha simu. Andika "saa 3 asubuhi (09:00)" na ubishi umekwisha.

Nyaraka zitume kama faili. Skrini iliyopigwa picha hupunguzwa ubora hadi tarakimu 3 na 8 zinafanana. Na ukiona ujumbe wenye alama ya mishale miwili, maana yake umeshapitishwa mikono mingi. Usiusambaze kwenye grupu la kazi kabla ya kutafuta chanzo.

Mtu akiacha kazi, aondolewe siku hiyohiyo, na linki ya kujiunga iwekwe upya. Linki ya zamani iliyobaki kwenye barua pepe ya mtu huendelea kufungua mlango.

Bosi anaona tiki za bluu. Ni lazima nijibu papo hapo?

Tiki za WhatsApp husema ujumbe umefunguliwa, hazisemi jibu liko tayari. Unaweza kuzizima kwenye mazungumzo ya watu wawili, ila nawe hutaona za wengine. Kwenye grupu hazizimiki: aliyetuma anaweza kuona nani amesoma. Jibu la kuokoa hali ni "Nimeipata, nitakujibu kabla ya saa 9 alasiri." Kisha ujibu kweli.

Nimetuma kitu kimakosa. Nifanye nini?

Inategemea ni wapi na ni kosa gani.

WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili na nusu. Kufuta huacha alama kwamba kuna ujumbe uliofutwa, kwa hiyo ongeza sentensi moja: "Nimefuta, faili lilikuwa la mteja mwingine." Ukimya baada ya kufuta huzaa maswali kuliko kosa lenyewe. LinkedIn hukuruhusu kuhariri chapisho na huonyesha kwamba limehaririwa. Kwenye X (zamani Twitter) kuhariri ni kwa wanaolipia. Wengine hufuta na kuandika upya, au huongeza sahihisho chini yake.

Kosa la tahajia lisahihishe bila makeke. Kosa la ukweli, yaani bei, tarehe, jina au takwimu, lisahihishwe waziwazi na useme kilichobadilika, kwa sababu kuna waliokwisha kusoma na kuondoka. Taarifa ya siri au ya mtu binafsi futa kwanza, halafu mjulishe mhusika na msimamizi wako saa hiyohiyo. Usijifariji kwamba hakuna aliyeona. Skrinshoti huchukua sekunde moja.

Kosa la kutumia akaunti isiyo yako ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Februari 2011 mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, aliyekuwa akitumia programu ya kusimamia akaunti kadhaa, alituma kwenye akaunti ya shirika habari za bia aliyokusudia kwa marafiki zake. Shirika lilifuta, likakiri kwa mzaha mwepesi kwamba lenyewe halijalewa, na jambo likaisha vizuri. Mzaha ulifaa kwa sababu hakuna aliyeumizwa. Kosa linalomgusa mtu aliyepata hasara halistahili mzaha hata kidogo. Kinga yenyewe ni rahisi: usiweke akaunti ya kazi na ya binafsi kwenye programu moja, au walau zipe picha za rangi tofauti kabisa.

Nimeandika kwenye bio (maelezo mafupi ya akaunti) kwamba "maoni ni yangu binafsi". Inatosha kunilinda?

Haitoshi. Maneno hayo humweleza msomaji kwamba husemi kwa niaba ya mwajiri, lakini hayafuti mkataba wako, wajibu wa kutunza siri wala sheria ya kashfa. Mwajiri akiona chapisho limeharibu imani ya wateja, mstari wa bio hautamzuia kuchukua hatua.

Wala wafuasi wachache si kinga. Desemba 2013 ofisa mwandamizi wa mawasiliano wa kampuni moja ya Marekani aliandika mzaha uliosomwa kuwa wa kibaguzi kabla ya kupanda ndege kutoka London kwenda Cape Town. Alikuwa na wafuasi wapatao 170. Saa 11 baadaye alitua akakuta anajadiliwa dunia nzima, na kazi ikapotea. Aliandika kwa ajili ya watu 170 wanaomjua na kumwelewa. Ikasomwa na mamilioni wasiomjua. Kabla ya kuchapisha mzaha au hasira, usome kana kwamba umewekwa mbele ya mtu asiyekujua, bila sentensi iliyotangulia na bila sauti yako. Kama bado unasomeka ulivyokusudia, uweke.

Ninaweza kupiga picha kazini na kuziweka?

Uliza kwanza kama sehemu yenu inaruhusu. Ikiruhusu, kuza picha kwenye skrini na ukague pembe zake, kwa sababu jicho la mpiga picha huangalia nyuso tu. Kagua ubao mweupe, karatasi za mezani, skrini za kompyuta, beji shingoni, namba za magari, na kioo cha dirisha kinachoakisi. Januari 2018, baada ya king'ora cha uongo cha kombora huko Hawaii, watu walifukua picha ya habari iliyopigwa Julai 2017 ndani ya ofisi ya dharura ya jimbo hilo. Nyuma ya mfanyakazi aliyehojiwa, kwenye skrini, palibandikwa kikaratasi chenye nywila.

Picha ya simu pia hubeba data ya mahali ilipopigwa. Mitandao mikubwa mingi huiondoa unapochapisha, lakini picha iliyotumwa kama faili hubaki nayo. Izime kwenye kamera kama unapiga picha nyumbani kwa wateja.

Anayeonekana kwenye picha aombwe ridhaa, na ridhaa iwe ya matumizi yanayojulikana: "kwa ukurasa wetu" si sawa na "kwa tangazo la kulipia". Watoto na wagonjwa wahitaji ridhaa ya maandishi. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu kwa wanaomfahamu.

Mteja amelalamika hadharani. Tujibu vipi?

Wasomaji wa jibu lako si yeye peke yake. Wengine wengi wanapita kimya wakipima jinsi mnavyowatendea watu.

Kabla ya kuandika, tafuta kilichotokea. Ikichukua zaidi ya saa moja, weka jibu la kwanza la kukiri mmeliona. Jibu la kwanza halikisii sababu wala halimkosoi mteja hata kama amekosea. Mfano:

"Pole kwa usumbufu. Oda yako haikupaswa kuchelewa hivi. Tumekutumia ujumbe wa faragha kuomba namba ya oda, na utapata jibu letu leo kabla ya saa 10 jioni."

Zingatia kwamba mmetangulia ninyi kumtumia ujumbe wa faragha. Usimwambie aandike namba ya simu au ya oda kwenye maoni. Matapeli huvizia majibu kama hayo, wakafungua akaunti yenye nembo yenu na kumfuata mteja wakijifanya ninyi. Wengi wamepoteza fedha kwa njia hiyo, na lawama huja kwenu.

Mkimaliza, rudini hadharani na sentensi moja: "Tumezungumza, mzigo umefika leo. Ahsante kwa kutujulisha." Hatua hii husahaulika, na wapita njia hubaki na malalamiko yasiyo na mwisho.

Msifute malalamiko. Futeni matusi, vitisho na taarifa binafsi za watu, na sera hiyo iandikwe kwenye ukurasa mapema. Mtu akiendelea kubishana baada ya majibu mawili ya adabu, nyamazeni. Jibu la tatu humnufaisha mgomvi tu.

Pole ya kukopi iliyobandikwa kwa watu kumi ni mbaya kuliko kuchelewa. Badilisheni walau sentensi moja inayotaja tatizo lake.

Nichapishe mara ngapi?

Kwa kasi unayoweza kuidumisha wiki ambayo umechoka. Mara moja kwa wiki, mwaka mzima, ni kazi nzuri. Mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha kimya, ni hasara.

Chapisho liwe na urefu gani?

X hutoa herufi 280 kwa akaunti ya bure, nafasi zikihesabiwa, na linki yoyote huhesabiwa kama herufi 23 hata iwe ndefu vipi. Kwenye LinkedIn kikomo ni 3,000, kwenye maelezo ya picha ya Instagram 2,200. Kwa mbili hizi za mwisho, kinachoonekana bila kubonyeza ni mistari michache ya mwanzo. Kwa hiyo usianze na "Leo ningependa kuzungumzia mada muhimu sana". Anza na jambo lenyewe: "Ankara isiyo na tarehe ya mwisho ya malipo hucheleweshwa. Hivi ndivyo tunavyoiandika."

Aya ziwe za sentensi mbili au tatu, kwa kuwa kwenye simu aya ya mistari sita hugeuka ukuta. Linki ndani ya maelezo ya picha ya Instagram haibonyezeki, basi iweke kwenye bio. Na linki yoyote ifungue mwenyewe kwa simu isiyoingia kwenye akaunti yako. Faili "la wote" ambalo kumbe linadai ruhusa ni kosa la kila wiki.

Hashtegi zinasaidia?

Kidogo, zikiwa mbili au tatu zinazotaja mada halisi. Anza kila neno kwa herufi kubwa: #UsalamaWaMitambo husomwa vizuri na programu za kuwasomea wasioona, ilhali #usalamawamitambo hutoka kama mluzi.

Vipi kuhusu bango, picha na video?

Bango lenye maandishi ndani ya picha halisomwi na programu za wasioona, halitafutiki, na namba ya simu iliyo ndani yake haiwezi kunakiliwa. Rudia tarehe, mahali na mawasiliano kwenye maandishi ya chapisho. Jaza pia kisanduku cha maelezo ya picha: sentensi moja ya kile kinachoonekana, bila kuanza na "picha ya".

Video za wima ziwe 1080 kwa 1920. Watu wengi hutazama bila sauti, kwa hiyo weka maandishi chini. Maandishi yanayojitengeneza hukosea Kiswahili mara nyingi, hasa majina na tarakimu, basi yapitie yote kabla ya kuachia. Acha nafasi chini na kulia mwa fremu, maana vitufe vya mtandao hufunika hapo.

Nikilipwa, au nikisifia bidhaa ya mwajiri wangu, niseme?

Sema, tena mwanzoni, kwa maneno ya wazi: "tangazo la kulipiwa" au "ninafanya kazi hapa". Marekani, kwa mfano, miongozo ya tume ya biashara, FTC, inamhesabu mfanyakazi anayesifia bidhaa za mwajiri kuwa na uhusiano unaopaswa kutajwa. Kulizika tamko chini ya hashtegi 12 hakuhesabiki kuwa umesema.

Naweza kutumia akili mnemba kuandika?

Kwa rasimu, ndiyo. Usibandike humo mkataba, majina ya wateja wala mazungumzo ya ndani. Hakiki kila tarehe na kila takwimu, kisha soma kwa sauti. Sentensi ambayo usingeitamka mbele ya mwenzako, iondoe.

Akaunti ya ofisi tuilindeje?

Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya kuthibitisha), na mtumie programu ya kuzalisha namba kuliko SMS, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli. Hilo liliipata tume ya masoko ya hisa ya Marekani, SEC. Tarehe 9 Januari 2024 akaunti yake ya X ilitangaza uongo kwamba mifuko ya uwekezaji wa bitcoin, sarafu ya kidijitali, imeidhinishwa, na bei ikaruka kabla ya kukanushwa. Mhalifu alikuwa amehamisha laini ya simu iliyounganishwa na akaunti, na uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwa umezimwa tangu Julai 2023 bila kuwashwa tena. Uzimaji wa "muda tu" ndio wa kuogopa.

Usigawe nywila moja kwa watu sita. Kurasa za Facebook na LinkedIn hukuwezesha kumpa kila mtu nafasi yake kwa akaunti yake mwenyewe, na kumwondoa akiondoka. Wawepo maadmini wawili, maana mmoja akipotea na simu yake, ukurasa unapotea naye. Barua pepe ya kurejesha akaunti iwe ya ofisi, si ya kijana wa mafunzo aliyefungua akaunti miaka mitatu iliyopita. Kila miezi 3 angalia programu zilizounganishwa na uondoe msizozitambua. WhatsApp wekeeni PIN ya tarakimu 6, na namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni.

Nitajuaje kama kazi hii ina faida?

Likes hupendeza ila hazilipi. Fungua jedwali la safu nne: tarehe, chapisho, nani aliandika faragha au kupiga simu kwa sababu yake, na kilichotokea. Kila mteja mpya muulize "umetupataje?" na uandike jibu. Baada ya miezi 3 utaona mada mbili au tatu zinazoleta watu, na nyingi zinazoleta mioyo mekundu tu. Punguza hizo za pili.

Nikitaka kufunga akaunti ya kazi?

Pakua kwanza nakala ya data yako kwenye mipangilio, na usubiri faili lifike, kwani huweza kuchukua siku kadhaa. Badilisha bio itaje mahali mpya unakopatikana na uiache hivyo walau mwezi mmoja. Ondoa linki ya akaunti kwenye tovuti, saini ya barua pepe na kadi za biashara. Facebook, Instagram na X hukupa siku 30 za kughairi kabla ya kufuta kabisa. Jina lako la mtumiaji linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine baadaye, kwa hiyo kama wateja wengi bado wanalitumia, ni salama zaidi kuiacha akaunti wazi na tupu, yenye chapisho moja lililobandikwa juu na hatua mbili za uthibitisho zikiwa zimewashwa.